Viazi Viwili vya Ua la Bondeni

Kifuniko cha birika kinagongagonga jikoni, na alfajiri bado haijafumbua jicho. Bibi Yudita anakisikia akiwa kitandani. Ni Elika, mkwe wake, anachemsha chai ya safari, na kabla ya chai amekwisha kumpashia soksi motoni na kumvisha taratibu, maana baridi ya Makete haina huruma na miguu ya kizee. Leo Bibi atamwonyesha bonde la mwisho la yale maua ya porini ambayo wanunuzi wanafuata viazi vyake. Mabonde mengine yote yamechimbwa, yamebaki mashimo. Hili analijua yeye peke yake. Jilaze kidogo, Mama, chai bado, anasema Elika. Bibi anafumba macho, na kifuniko kinagonga, na kila mgongo wa kifuniko ni hatua, na hatua ni zake, yuko njiani.

Njia inapanda, inashuka, inamrudisha alikotoka, kisha inamfikisha kwenye mji uliosimama juu ya maji, kila nyumba na pacha wake kichwa chini, kuta zote za petali za zambarau. Anampokea mtu wa koti la mvua. Ndani ya kofia hamna uso, lakini kwenye utelezi anamshika mkono kama mtoto aliyelelewa vizuri. Kila kizingiti kimekaliwa na kikongwe aliyesinyaa, mikono mitupu. Hawa ni akina nani, baba? Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega. Nimemlisha mwanangu chakula changu chote. Mgeni kamchukua mwanangu, kaniacha mimi, kisha akasema amenihurumia. Bibi anaanza kucheka, kisha anaacha. Ndivyo alivyochimba tangu usichana, ndivyo alivyomfundisha Elika: chini ya kila ua kuna viazi viwili, kimoja kimenona, kimoja kimesinyaa, chukua kilichonona, kilichosinyaa kifukie, huyo ndiye mama, atazaa tena. Nilikuwa nawaachia mama, anasema. Mama alikuwa anakwisha, Yudita, anajibu asiye na uso. Ua la mwaka kesho lilikuwa ndani ya mtoto. Hakuna anayemkaripia. Kikongwe mmoja anasogea, anampa nafasi kizingitini, anamfunika nusu ya shuka lake. Ulikuwa unatufukia vizuri, anasema, wengine walituacha juani. Bibi analia, na machozi yanagonga maji, na maji yanagonga kama kifuniko.

Mama, chai. Bibi anaamka, au anadhani ameamka. Soksi zilizokuwa kavu zimelowa hadi kwenye vifundo. Elika ameshika jembe na gunia. Twende, Mama, mnunuzi anapita saa nne.

Jembe liache, mwanangu.

Tutachimba kwa kucha?

Hatuchimbi. Nilikufundisha vibaya. Anamweleza habari ya viazi viwili, bila haraka, na Elika anasikiliza, uso ukishuka, maana fedha ya gunia hilo ingenunua bati la kuezekea jiko. Bati tutalipata kwa pareto, tutachuma wote wawili, anasema Bibi, mgongo wangu bado upo. Elika analiegemeza jembe ukutani. Basi huko bondeni tunakwenda kufanya nini?

Kusalimia.

Haya, kunywa chai kwanza, usiende kusalimia watu na njaa. Bibi anainamia kikombe. Humo ndani nyumba imesimama kichwa chini, ya zambarau, na sauti ya kikongwe inapanda na mvuke: Yudita, utakuja tena kututembelea?