Kiuno Kilichokataa Moto

Maumivu yalimwanza Liao Qingtang siku chache baada ya ukoo wao kuhamisha makaburi. Mwanzoni hakuyajali. Alikuwa mtu wa kubeba maisha yake yote, kuni, mpunga, magunia ya mbegu za mafuta kutoka mlimani, na katika vijiji vile mwanamume wa umri wake asiyeumwa kiuno angeulizwa kama amewahi kufanya kazi. Lakini haya hayakuwa maumivu ya kazi. Yalikuwa na baridi ndani yake. Asubuhi moja mkewe, Dongmei, alimlaza kifudifudi amchue kwa mafuta, na kabla hajaanza akautoa mkono upesi na kuupangusa kwenye aproni.

"Baba Yulan, jana ulilala mtoni?"

"Si nililala na wewe?"

"Basi mmoja wetu hakuwepo."

Hospitali ya wilaya walimpiga picha, wakamwambia mifupa imechakaa kama ya wenzake wote, wakampa vidonge. Vidonge vilimlewesha usingizi tu. Baridi ilibaki palepale hata mwili mzima ulipokuwa ukichuruzika jasho. Ilikuwa kama mikanda miwili, mmoja kila upande, ikianzia mgongoni chini ya mbavu na kupinda kuja mbele kwenye nyonga. Akiinama kufunga viatu, mikanda ilikaza. Akitembea mwendo mrefu, ilikaza zaidi.

Mwishowe Dongmei alimsukuma mpaka kwa Shangazi Zhong, nyuma ya soko. Huyu alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, aliyerithi kazi ya kukanda watu kwa moto kutoka kwa mama mkwe wake. Dari ya chumba chake ilikuwa nyeusi kwa moshi wa pakanga, majani makavu ya dawa aliyowachomea wagonjwa, na harufu yake ilishika nguo mpaka mtu akirudi nyumbani watoto walijua ametoka wapi. Mchana ule mzee Qiu, dereva wa trekta aliyestaafu, alikuwa amelala kwenye kitanda cha mianzi, vijilima vya pakanga vikifuka moshi kwenye uti wa mgongo wake.

"Karibu jikoni, bwana," mzee Qiu alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nimeshaiva upande mmoja."

Shangazi Zhong alimlaza Qingtang kitanda cha pili. Alikata vipande vyembamba vya tangawizi, akavitoboatoboa kwa sindano na kuvipanga kiunoni. Juu ya kila kipande akaweka pakanga kavu iliyotwangwa mpaka ikawa kama pamba, ameifinyanga kijilima kidogo, akakiwasha kwa kijiti cha udi.

"Ukisikia moto, sema. Usijifanye dume ukaja kuniachia malengelenge."

Pakanga iliteketea mpaka chini, ikawa majivu. Qingtang hakusema kitu.

"Husikii?"

"Bado."

Akawasha nyingine juu ya majivu ya kwanza, kisha nyingine. Kwenye kitanda chake mzee Qiu alilalamika kwamba anaungua, akapunguziwa, akacheka. "Huyu mwenzangu walimlea kwenye ghala la barafu."

Shangazi Zhong alikibandua kipande kimoja cha tangawizi. Tangawizi iliyokaa chini ya moto hunyauka na kubadilika rangi. Hii ilikuwa mbichi, ngumu, ya baridi, kama imetolewa kisimani sasa hivi. Aliigeuza mara mbili mkononi, akaiweka pembeni, akaenda jikoni.

Alimimina chumvi ya mawe ndani ya karai, akaikaanga na pakanga mpaka ikaanza kuruka na kutatarika. Akaitia katika mfuko wa kitambaa kizito, akaja nao ameushika kwa matambara mikono yote miwili, akautua kwenye kiuno cha Qingtang. Qingtang aliusikia uzito wake. Joto hakulisikia. Baada ya muda alihisi kitu kinamtiririka ubavuni, akadhani ni jasho.

"Usijisogeze," Shangazi Zhong alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Aliuinua mfuko. Ulikuwa unadondosha maji. Chumvi iliyotoka motoni muda si mrefu, kavu kama mchanga wa barabarani, ilikuwa imelowa chapachapa, na alipoiminya, maji ya rangi ya udongo yalitoka katikati ya vidole vyake. Chumba kikajaa harufu ya tope la zamani ikaizidi hata pakanga. Mzee Qiu aliacha kucheka. Alijipukuta majivu mgongoni, akavaa shati lake kinyume, akasema atarudi siku nyingine.

Dongmei alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Ulimbeba nani?" Shangazi Zhong aliuliza.

"Nilibeba nini, unamaanisha. Vitu vingi. Kuni, mpunga..."

"Nimesema nani." Alimpitishia kidole juu ya ule mkanda wa kushoto, kisha wa kulia. "Hapa pana goti. Na hapa pana goti. Mtu akibebwa mgongoni hubana hivi asianguke. Huyu hajashuka."

Qingtang alikuwa amelala uso ukitazama mianzi ya kitanda. Alitaka kucheka, lakini mara ile ile akajua kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba alikuwa akijua tangu siku ya kwanza. Alijua pia kwa nini kila usiku alilala akiacha nafasi nyuma yake. Kwenye kisogo chake palikuwa na ubaridi mdogo unaokuja na kuondoka, taratibu, kama mtu anayepumua.

Akamweleza. Bonde la kijiji chao cha zamani lilikuwa linajazwa maji, serikali inajenga bwawa, na kila ukoo uliambiwa uondoe wafu wake kabla ya masika. Kwao mifupa ya wazee hukaa katika mitungi, imepangwa kuanzia miguu mpaka kichwa, kama mtu aliyechuchumaa. Walipofika, mvua ilikuwa imeporomosha kilima, mitungi ya watu mbalimbali imebingirika pamoja kwenye tope. Kaka yake mkubwa, Qinghai, ndiye aliyeonyesha kidole: babu yule pale. Qingtang akamfunga mgongoni kwa mbeleko aliyobebewa binti yao Yulan, akapanda naye mlima mzima. Kila walipofika kwenye daraja alimwita kama inavyotakiwa. Babu, tunavuka daraja. Babu, shika vizuri.

"Na akashika," Shangazi Zhong alisema. "Uliyemwita hukumbeba, na uliyembeba hukumwita. Nendeni mkafungue mtungi."

Qinghai walimkuta amekaa barazani akichambua maharage. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye maharage yake.

"Babu amefika, amekula, na sigara nimemwashia mwenyewe. Wewe mdogo wangu kiuno chako ni cha uzee, usimsingizie marehemu."

"Babu alikuwa na jino la dhahabu, kaka. Siku ile ulitazama ndani?"

"Mvua ilikuwa kubwa."

"Nimekuuliza kama ulitazama."

Qinghai alichambua maharage mawili matatu, akayatupa mazima pamoja na mabovu.

Wakaenda kesho yake, jua limeshapanda. Kaburi jipya lilikuwa juu ya kilima kikavu, udongo mwekundu mgumu kama tofali. Qinghai alishika mwavuli mweusi ili jua lisiipige mifupa, na Qingtang akabandua kifuniko. Mtungi ulikuwa na maji mpaka shingoni. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Waliyamwaga taratibu, kwa bakuli, na fuvu likajitokeza, dogo, meno yote yapo, meupe, hata moja halina dhahabu. Chini yake palikuwa na kibanio cha nywele cha fedha.

Qinghai aliinama kutazama, mwavuli ukaenda upande.

"Shikilia vizuri, shemeji, unamtia juani," Dongmei alisema. Alichuchumaa akatazama kwa muda. "Binti wa watu jamani. Hata thelathini hajafika. Na tumekuwa tukimwita babu, tunamwashia sigara."

Waliuliza koo zote zilizokuwa na makaburi upande ule. Kila mmoja alikuwa amehesabu wake na wametimia, na hakuna aliyetaka kuongezewa. Qinghai akashauri mtungi upelekwe hekaluni, watawa watajua la kufanya. Shangazi Zhong alikataa. Alisema aliyempandisha ndiye wa kumteremsha, kwa mgongo ule ule. "Na usimpe jina lolote. Mwambie tu twende. Yeye ndiye atakayekuonyesha."

Kwa hiyo Qingtang alifunga tena ile mbeleko. Alipouinua mtungi, ile mikanda ilimkaza mpaka akakosa pumzi, na ilibidi ashike mkono wa mkewe ndipo asimame. "Twende," akasema. Waliteremka njia ya zamani kuelekea majini. Maji yalikuwa yamekwisha kula mashamba ya chini, na katikati ya bwawa ncha za mianzi zilichungulia bila upepo kuzitikisa. Hakukuwa na ndege. Qingtang alitembea ameinama, macho chini, Dongmei nyuma yake na jembe.

Mahali ilipokuwa mitungi, yule binti hakushuka. Pale ndipo alipobana kuliko kote, na ubaridi wa kisogoni ukaja harakaharaka, kama wa mtu mwenye hofu. Qingtang alipita haraka. Walizunguka ukingo, wakavuka shamba la miti ya mafuta, wakatokea kwenye kitambarare kinachotazama kilima cha pili. Hapo goti la kushoto likalegea. Alisimama. Goti la kulia nalo likalegea, polepole, kama mtoto aliyebebwa anapomwona mama yake na kutaka kuteremka.

"Shuka," Qingtang alisema. "Taratibu."

Dongmei alichimba, yeye akashusha. Kibanio walikirudisha kilipokuwa. Walipokuwa wakifukia, shati la Qingtang liliganda mgongoni kwa jasho, jasho la moto, na ndipo alipoketi chini kando ya kaburi na kulia, wala hakujua anamlilia nani. Mkewe alimwacha alie.

Shangazi Zhong aliagiza aendelee kukandwa, akasema mlango uliokaliwa muda mrefu haufungwi kwa siku moja. Alipotua mfuko wa chumvi, Qingtang aliruka kitandani na kumtukana, halafu akaomba radhi. Shangazi aliuacha mfuko palepale. "Tukana tu. Nilikuwa nangoja hilo."

Ikabaki habari ya babu. Maporomoko alimobaki yalikuwa yamekwisha kufunikwa na bwawa, na maji yalikuwa yakiendelea kupanda. Qinghai alinunua mtungi mpya, akaenda nao peke yake ukingoni, akashinda huko akimwita kwa jina lake kamili, kisha kwa jina alilomwita alipokuwa mtoto. Aliporudi jioni alikuwa ameubeba mgongoni kwa kamba, na Dongmei alipomsaidia kuutua aliona ni mwepesi kama ulivyotoka dukani. Hakumwambia. Waliuzika katika lile kaburi la kilimani, ndani yake wakaweka kiko cha babu na viatu vya kitambaa.

Siku hizi bwawa lina samaki, wanene, wanasifiwa mpaka mjini, na hakuna harusi bila wao. Qinghai akiwekewa mbele yake huisogeza sahani kwa mgeni wa jirani, akisema ana mwiba kooni. Hakuna anayemuuliza ni mwiba gani huo usiotoka miaka yote.