Nyuzi Mbili Chini ya Kidevu

Wifi yangu hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kuulamba mara tatu, na bado watu wanamwita Malkia wa Wanasesere. Nalisema hili mapema ili tusije tukaoneana aibu mbele ya safari. Wanasesere wale ni wangu. Nimewatengeneza mimi, kwa vidole hivi vilivyotoboka kama chujio, katika chumba changu cha kupanga chenye dirisha moja, miaka tisa mfululizo. Kazi yake yeye ilikuwa kuwapeleka kwa watu, kwa sababu mimi mbele ya watu nanywea, na yeye ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Hayo tulikubaliana. Hatukukubaliana kwamba njiani watabadilishwa mama.

Niliyajua haya sebuleni kwa kaka yangu. Alikuja mwandishi wa gazeti, dada mmoja mpole, kumhoji wifi. Mimi nimekaa pembeni nabandika kope za mwanasesere, kope moja moja, pumzi nimeibana. Yule dada akauliza, "Na huyu ni nani?"

Wifi hakupepesa hata jicho. "Huyu ni wifi yangu. Ananisaidia kujaza pamba."

Kujaza pamba! Kope ikanidondoka. Lakini kilichonikaa kooni hasa si wifi, ni baba. Baba anaishi nao pale, miguu yake imeisha nguvu. Alishona nguo za watu kwa cherehani miaka arobaini, na neno fundi kwake si la kugawa ovyo. Kuna watu amekaa nao karakana moja nusu ya maisha na hakuwahi kuwaita hivyo. Siku ile akanigeukia mbele ya mgeni. "Mshukuru wifi yako, mwanangu. Huyu ni fundi. Kaa naye karibu, utajifunza."

Nikasema ndiyo, baba. Ningesema nini? Kwamba mkwewe kipenzi ni mwizi, na kikombe cha chai alichoshika amepikiwa na mwizi huyo huyo? Nilijikaza kisabuni, nikakusanya kope zangu, nikaondoka. Ila niliapa njia nzima: baba atajua. Kwa heri au kwa shari, atajua ni mikono ya nani.

Baada ya miezi miwili wifi akabisha hodi kwangu, mikono mitupu, mdomo umejaa asali.

"Wifi yangu wa mimi! Ukumbi wa maktaba umenialika na kazi zangu zote. Sasa wanataka nitengeneze uso mbele yao. Mbele yao, wifi! Si nitaumbuka?"

"Utaumbuka," nikasema.

"Ndiyo maana nimekuja. Nitengenezee wewe, uniachie pale mwisho tu, kitu cha kuvuta-vuta. Halafu nimeshawaambia ni uso wa mama mkwe wangu. Watalia wale, wewe subiri!"

Mama mkwe wake ni mama yangu. Hajawahi kumwona. Mama alifariki kabla kaka hajaota ndevu, na picha zake chache ziliharibika zote mwaka ule bomba lilipopasuka nyumbani, zikabaki karatasi zenye madoa. Uso wake haupo popote duniani isipokuwa kichwani mwa baba na kichwani mwangu. Kaka mwenyewe anaukumbuka nusu nusu. Na huyu anataka kuutumia kama kitunguu, watu watokwe machozi. Nilimtazama, nikatabasamu mpaka magego.

"Nitakufanyia," nikamwambia. "Tena uso ambao hawatausahau."

Akanikumbatia. Nilitamani kumchoma sindano.

Mimi nyuso sizichori. Nachukua kitambaa cha soksi ndefu za kike, kile chepesi kinachoteleza, nakijaza pamba mpaka kinakuwa kama kiazi. Sindano ndefu inaingilia kisogoni, inatokea kwenye kona ya jicho, inashika punje ya kitambaa, inarudi ilikotoka. Ukivuta uzi, jicho linazama na shavu linajitokeza. Unaenda hivyo, pua, kope, mashimo ya kicheko. Nyuzi nne za mwisho, mbili za macho na mbili za pembe za mdomo, zinaachwa zikining'inia kisogoni. Ukizivuta hizo pamoja ndipo kiazi kinakuwa mtu. Na zinavutwa pole pole, kama unavyomvua viatu mtoto aliyelala.

Nilimtafuta mama siku kumi na mbili. Nilimkosa mara nne, nikafumua. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili nikavuta nyuzi kidogo, kujaribu tu, na akanitazama. Lile jicho la kushoto lililokuwa dogo kuliko la kulia. Ule mdomo wa mtu anayezuia kicheko msibani. Nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Kazi kama ile haijawahi kutoka mikononi mwangu.

Kisha nikachukua wembe.

Soksi ikikatika uzi mmoja, mwanamke yeyote anajua kinachofuata: ufa unapanda mguu mzima. Nilikata nyuzi mbili za kitambaa chenyewe chini ya kidevu, mahali panapofichwa na mkunjo. Ukivuta kwa upole, panashika. Ukivuta kwa pupa, panaachia, na wifi yangu hajawahi kufanya jambo lolote kwa upole. Uso ungechanika, yeye angeduwaa, nami ningesimama toka viti vya nyuma, nishike sindano, watu waone fundi ni nani na habari imfikie baba. Mama nitamtengeneza mwingine, nilijiambia. Nilikuwa na hasira, nikajiamini.

Siku yenyewe, saa kumi jioni, ukumbi ulijaa. Wanasesere wangu thelathini walisimama juu ya meza zenye vitambaa vyeupe, kila mmoja na kikadi chenye jina la wifi. Nilikaa safu ya mwisho, sindano zangu mkobani, nikisubiri kwa raha. Kwa raha kabisa, sitaficha.

Ndipo kaka akaingia akisukuma kiti cha magurudumu. Baba! Baba ambaye hajatoka nje ya geti tangu mwaka juzi, amevaa shati la kola ngumu, nywele amezichana kwa maji. Nilikuja kujua baadaye kwamba wifi ndiye aliyembembeleza aje. Wakamweka mbele kabisa, hatua mbili toka kwenye meza.

Wifi akakiinua kichwa. Akazivuta zile nyuzi kidogo tu, kwa woga wa kuanza, na mama akatokea.

"Ndiye," baba akasema. Sauti ilifika mpaka nyuma nilipokuwa. "Jamani, ndiye huyu. Ndiye mwenyewe." Akanyoosha mikono yote miwili.

Nilikuwa na muda. Nataka niliseme hili kama lilivyo, maana ndugu wameniuliza na nimewadanganya. Wifi alisimama pale akikigeuza kichwa huku na huku ili watu wapige picha, na ningeweza kupaza sauti: acha, usivute tena. Neno moja lingetosha. Nilifungua mdomo. Lakini wifi akamwinamia baba akasema, "Baba, nimekurudishia mkeo kwa mikono yangu hii," nami nikaufunga. Nikasema moyoni, vuta. Vuta, mwanamke.

Akavuta.

Ufa ulianzia kidevuni ukapanda. Mdomo ukagawanyika, lile jicho dogo likahama, pamba ikachungulia nje. Baba hakupiga kelele. Alirudisha mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine, akabaki anaangalia.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama kama nilivyopanga. Nilipita katikati ya viti, nikamnyang'anya wifi kile kichwa. "Nipishe. Hujui ulichoshika." Nikatunga uzi bila kutazama, nikaudaka ufa chini ya jicho, nikaushona kurudi nyuma, nikavuta shavu. Nusu ya uso wa mama ikarudi. Nusu ya pili haikuwa na kitambaa cha kushika. Mtu mmoja akapiga makofi, kisha ukumbi mzima. Wifi alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza, kamasi zinamtoka, mtu mzima na vipodozi vyake. Siwezi kusema sikufurahi.

"Nipe," baba akasema.

Nikampa. Akampapasa paji la uso, pua, shavu.

"Ni wewe uliyemtengeneza."

"Ni mimi, baba. Hawa wote ni mimi."

"Nimeona. Huyu hawezi kutengenezwa na mtu asiyemjua." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Fundi," akasema, na miaka tisa yote ikanipanda kifuani.

Kidole gumba chake kilikuwa kimefika chini ya kidevu. Kikasimama pale. Akakiinua kichwa kwenye mwanga, akakiangalia kwa karibu sana. Mtu aliyekata vitambaa miaka arobaini huna haja ya kumweleza kipi kimechanika na kipi kimekatwa.

"Wembe," akasema, kwa sauti ya kunifikia mimi tu.

Nikaichomeka sindano kwenye kola ya gauni langu.

"Ulikaa naye siku ngapi?"

"Kumi na mbili, baba."

"Mimi umenipa dakika moja."

Akatoa leso mfukoni, akamfunga mama. "Mkwe wangu," akaita, "njoo unirudishe nyumbani." Wifi akaja akijipangusa, akashika kiti, kaka akafungua mlango, wakatoka. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Watu walikuwa wamenizunguka, simu juu. Mama mmoja wa maktaba akapenya na kalamu mkononi. "Kumbe fundi mwenyewe ni wewe, dada! Hebu nipe jina lako tubadilishe haya yote." Nikamtajia. Akaniomba nirudie, alikuwa hajasikia kitu.