Kabureta ya Bi Mwamina

Kombi ya Sabaha iligoma katikati ya mji wa Nachingwea, mbele ya gereji ya Gabrieli, mahali ambapo mwenyewe asingepachagua hata kwa kubembelezwa. Ilikuwa kombi ya kulala, yenye kitanda, kabati na jiko dogo; Wazungu wawili wazee walimwachia walipochoshwa na ubovu wake. Kwa Sabaha ilikuwa nyumba na karakana. Kila msimu wa kupulizia mikorosho alizunguka nayo vijijini akitengeneza mashine za salfa, na kulala humohumo. Sasa mikorosho ya Mbwemkuru ilikuwa inachanua, wakulima walishampigia simu mara tatu, na kama asingefika kabla ya Jumamosi wangemwita fundi mwingine. Fundi mwanamke akishaachwa mara moja, wateja hawarudi.

Kabureta ilikuwa imepasuka ubavuni. Aliiziba kwa gundi ya chuma. Petroli ikaila gundi kabla ya chai ya saa nne. Alipopiga simu Kariakoo walimwambia kifaa hicho wanakisikia tu. Kuagiza nje, miezi miwili.

"Dada, hiyo peleka kwenye vyuma chakavu," Gabrieli alimwambia, na vijana wa gereji wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Sabaha alimeza hasira. Alizijua kombi zote zilizokufa kati ya Nachingwea na Ruangwa, kila moja na ugonjwa ulioiua. Ya Kiegei ilibaki bodi tupu. Ilibaki moja tu ya kuitumainia, ya marehemu Saadi kule Matambarale, fundi aliyesifika kwa kutega injini, kuirekebisha mpaka ingurume sawasawa, kwa kuisikiliza tu. Akapanda bodaboda.

Aliikuta nyuma ya nyumba, kuku wametagia vitini. Alipofungua kifuniko cha injini hakukuwa na kitu zaidi ya majani makavu. Akayapekua hata hivyo.

"Unatafuta nini humo, mwanangu?"

Alikuwa Bi Mwamina, mjane wa Saadi.

"Shikamoo, mama. Natafuta kabureta."

"Marahaba. Wanunuzi wa vyuma walipoanza kunizoea hapa, niliitoa mwenyewe."

Aliingia ndani, akarudi na furushi la kanga. Kabureta ilitoka inang'aa kwa mafuta. Bi Mwamina aliifungua na kuifunga tena huku macho yake yakiwa kwa mgeni, vidole havikukosea hata skrubu moja.

"Mzee Saadi alikufundisha?" Sabaha aliuliza.

Bi Mwamina alicheka sana. "Anifundishe nini? Saadi alikuwa haisikii vizuri hata adhana. Wateja walitaka fundi mwanamume, tukawapa mwanamume. Yeye akiongea nao mbele, mimi nasikiliza injini nyuma." Akaifunga kabureta tena ndani ya kanga. "Siiuzi, na wala sikupi ukaniharibie. Naenda nayo mwenyewe."

Walirudi kwa bodaboda, furushi mapajani mwa mama. Gabrieli alikuwa ametoka kwenda kula. Bi Mwamina aliomba spana na bisibisi, akakunja mikono ya gauni, akafunga kabureta. Sabaha akawasha. Injini ilikohoa, ikakwama, ikakohoa tena. Bi Mwamina alifumba macho, akazungusha skrubu kidogo, akasikiliza, akairudisha nusu. Injini ikatulia, ikanguruma sawasawa.

Gabrieli alisikia akiwa njiani, akaja mbio na kijiti cha meno mdomoni.

"Sabaha! Huo ni utegaji wa mzee Saadi kabisa! Leo nimekukubali, wewe ni fundi."

Miaka sita Sabaha aliyasubiri maneno hayo, tena kutoka mdomo huohuo, na yalikuwa matamu. Akamtazama Bi Mwamina. Alikuwa ameshasogea pembeni, anafuta mikono kimya, kama mtu aliyezoea.

"Si mimi," Sabaha alisema kwa nguvu, vijana wote wasikie. "Fundi ni huyu, Bi Mwamina. Na kazi zote za Saadi mnazozisifia alizifanya yeye."

Gabrieli alitoa kijiti mdomoni, akamgeukia yule mama.

"Shikamoo, fundi."

Bi Mwamina alibaki na kitambaa mkononi. Mumewe aliitwa hivyo kwa miaka arobaini. Yeye, hata siku moja. Akanyoosha mgongo.

"Marahaba!" aliitikia, kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara.