Fimbo za Kuuacha Ukoo

Fimbo tatu zilivunjika bila taabu. Ya nne ilikuwa mbichi, ikapinda tu. Baudulfi alisimama katikati ya uwanja wa baraza, mvua ikimnyeshea, mikono juu ya kichwa, akiikunja huku na huku mbele ya watu wa wilaya nzima. Wengine wakaanza kucheka.

"Igonge utosini," mmoja alimshauri. "Hapo ndipo pakavu."

Aliigonga, ikavunjika, damu ikamchuruzika hadi kwenye nyusi. Akavitupa vipande pande zote nne za uwanja kama sheria inavyotaka, akayasema maneno aliyoyakariri njia nzima: anauacha ukoo wake, hana tena sehemu katika viapo vyao, urithi wao wala ugomvi wao. Liwali Magnariki alikuwa anakula jibini. Aliinua mkono kuonyesha kwamba amesikia, akaita mwingine.

Yote haya yaliletwa na bibi, mama wa mama yake, ambaye alizaliwa katika nyumba ya kina Arnegisili, majemadari baba kwa mwana. Alikula uji wa shayiri hadi kufa kwake, lakini damu yake aliitaja kila siku. Baudulfi damu hiyo ilimfaa mara moja tu. Mwaka wa njaa alikwenda kwa miguu hadi kwenye lango la jemadari kuomba mbegu. Walimlaza na farasi, asubuhi wakamwambia aende zake.

Kisha mfalme akapinduliwa na ndugu yake. Walimnyoa nywele zake ndefu za kifalme wakamfungia kwa watawa, na kwa Wafranki mfalme aliyenyolewa amekwisha. Jemadari Arnegisili alikuwa upande wa huyo aliyepinduliwa. Ikatoka amri kwamba kila mwenye damu ya nyumba ile anyang'anywe ardhi. Majemadari wana majumba mpaka ng'ambo ya mto. Baudulfi alikuwa na shamba moja la ngano na banda la nguruwe. Liwali akamwambia kwamba njia ipo, ni fimbo nne tu, naye akazikata mwenyewe kando ya mto.

Mkewe Ermetruda alimfunga jeraha kwa kitambaa. Shamba lilikuwa limebaki mikononi mwao, na usiku ule walilala usingizi mzuri.

Ngano ilipokwisha kuvunwa, alikuja Wandaleni, msimamizi wa shamba la mfalme lililopakana na lao. Alisimama kwenye ua akiyatazama magunia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba marehemu babake Baudulfi alikuwa mtwana aliyetoroka shamba la mfalme, na mtoto wa mtwana ni mtwana.

"Baba alikuwa muungwana," Baudulfi alisema. "Kila mtu hapa anajua."

"Basi wataapa. Lete ndugu zake barazani waape. Mimi nina shida gani?"

Hilo halikumtisha Baudulfi. Watoto wa baba zake wadogo walikuwa wengi, wakulima kama yeye, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona lango la Arnegisili. Alianza na Teutbaldi, waliyekua pamoja. Teutbaldi alikuwa akichinja nguruwe. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta kisu kwenye majani.

"Nikiapa, naapa kama nani wako?"

"Ndugu yangu. Mimi nilimwacha bibi na watu wake. Nyinyi sikuwaacha."

"Fimbo hazichagui, Baudulfi. Ulisema ukoo. Mimi nilikuwa pale, nikajiuliza, huyu mtu anajua anachokisema?" Akamgeuza nguruwe. "Nikiapa uongo watanikata mkono. Nina watoto."

Alimpa mafuta ya nguruwe yaliyofungwa kwenye jani. Wengine hawakumpa hata hayo.

Barazani Ermetruda aliomba aape yeye. Liwali akasema mke si damu. Baudulfi hakuwa akimtazama liwali. Kwenye benchi, karibu naye, alikuwa ameketi mzee aliyevaa joho la manyoya, ambaye kila aliyepita alimwinamia. Alikuwa jemadari Arnegisili. Alikuwa amemwapia mfalme mpya na kumwoza binti yake jamaa mmoja wa mfalme huyo, na majumba yake yote amerudishiwa pamoja na mengine mawili. Hakuna aliyemtaka avunje fimbo.

Baudulfi alipiga magoti kwenye tope.

"Bwana wangu, mama wa mama yangu alizaliwa kwenu. Neno lako moja linatosha. Sema tu kwamba unanijua."

Mzee alimtazama kwa upole, akamgeukia liwali. "Huyu si ndiye aliyetuacha?"

"Ndiye, bwana."

"Niliambiwa. Ilinisikitisha." Akavuta joho magotini.

Walimnyoa Baudulfi palepale, kama anyolewavyo mtwana, kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Shamba likaingia katika shamba la mfalme. Ermetruda aliambiwa kwamba mwanamke muungwana akilala na mtwana, naye anakuwa mtwana. Anaweza kuondoka akitaka. Alibaki. Kijana aliyekuwa amemchumbia binti yao Auda hakuonekana tena, na Auda akapelekwa chumba cha wafumaji cha mfalme. Baudulfi akawa analima shamba lile lile, ila njia ya kwenda nyumbani ilibadilika.

Kabla theluji haijaisha yote, zikaja habari kwamba mfalme mpya ameuawa akiwinda, na yule aliyefungiwa kwa watawa ameachwa afuge nywele, atawale tena. Siku hiyo Wandaleni alimkuta Baudulfi akisafisha mfereji, akampa shoka.

"Nenda mtoni ukate fimbo. Kata nyingi, kesho kuna baraza na watu wameanza kufika tangu asubuhi."

"Ndiyo, bwana."

"Na usikate mbichi. Kata zilizokauka, nyembamba. Safari ile kuna mjinga mmoja alijipasua kichwa."

Baudulfi alijipapasa utosini, mahali ambapo nywele hazikuota tena. Akateremka mtoni. Alizijaribu moja moja juu ya goti, na zile ambazo hazikukatika kwa urahisi akazitupa.