Uvimbe wa Upande wa Kushoto

Kwa miaka thelathini watu wa Pleven, mji wetu hapa Bulgaria, wamenisingizia sindano za kukuza misuli, nami sijawahi kujichoma hata moja. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikaona kumbe ni sifa: mtu akishindwa kuamini kwamba misuli yako ni wali, kuku na jasho tu, basi umefanya kazi. Nikaacha kubisha. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Naitwa Ognyan, fundi wa lifti, miaka hamsini na miwili. Mke wangu Zornitsa alihamia Hispania miaka sita iliyopita, akisema amechoka kuishi na mwanamume anayepima kuku kwenye mizani. Tangu hapo tumebaki mimi na mizani.

Mwezi wa tatu nilipapasa kitu kigumu chini ya chuchu ya kushoto, ukubwa wa punje ya harage. Kila mnyanyua vyuma anajua maana yake. Anayejichoma homoni ya kiume, mwili wake hugeuza ile ya ziada kuwa ya kike, kifua kikaota matiti. Nikaenda kwa Plamen, anayeuza virutubisho pale mlangoni mwa jimu, nikamwonyesha.

"Kaka Ogi! Hatimaye!" Plamen alicheka mpaka akashika meza. "Nilijua tu wewe si mtakatifu. Unachoma nini?"

Nikatabasamu tu. Ilikuwa tamu kudhaniwa hivyo.

"Haya, siri yako. Dawa yenyewe ya kuzuia homoni ya kike inataka cheti cha daktari, na daktari ana maswali mengi. Vidonge hivi ni halali, havidai cheti. Brokoli iliyokamuliwa, madini ya zinki, na mizizi sijui ya nini. Miezi mitatu tu, kifua safi."

"Na visiposaidia?"

"Unaongeza, kaka. Mwili wote huo!"

Nikameza miezi mitatu, nikaongeza, nikameza mingine mitatu. Punje ikakua, chuchu ikaanza kuvutwa ndani. Jimu nilivaa fulana nzito kiangazi chote, nikabadilishia nguo chooni. Sikuwa na wa kumwambia, na hilo niliona ni nafuu.

Mwezi wa tisa nilikwenda mji wa Ruse kwenye mashindano ya wakongwe wa kutunisha misuli. Mwenye akili angebaki nyumbani na kifua kile. Lakini jukwaani, angalau, kuna watu wanakutazama.

Kabla ya kupanda jukwaani mtu hupakwa rangi ya kahawia mwili mzima, ili misuli ionekane kwenye taa. Kifua unajipaka mwenyewe, mgongo hufikii. Wenzangu walikuja na wake zao, watoto wao, makocha wao. Mimi nilisimama ukumbini na sponji yangu, nikijipinda kama paka anayefukuza mkia.

"Lete hiyo, kaka, utajivunja kiuno bure." Alikuwa mshindani mwenzangu, mfupi, mwenye upara, namba kumi na nne kwenye chupi yake.

Akanipaka polepole, bila kuruka mahali. Mikono yake ilikuwa na joto. Nilifumba macho. Nakiri nilitamani mgongo wangu uwe mpana zaidi, achelewe kumaliza.

Kisha akanigeuza bila kuniuliza, na sponji ikasimama kifuani.

"Hii ina muda gani?"

"Ni homoni tu. Nameza vidonge."

"Ulichoma nini?"

Sijui kwa nini safari hii sikutabasamu. Labda ni kwa sababu mkono wake ulikuwa bado juu yangu. "Sijachoma kitu. Maisha yangu yote."

Hakucheka. "Sasa homoni imetoka wapi? Mimi nilichoma miaka kumi. Matiti yalinitoka yote mawili, laini kama mkate. Lako ni moja, na ni jiwe. Nenda hospitali, kaka. Leo."

"Na jukwaa?"

"Kundi letu lina watu saba, jukwaa halitakosa watu. Nenda, bwana wee!"

Nikaenda na rangi yangu. Muuguzi alinung'unikia shuka lililochafuka kwa rangi. Daktari, binti ambaye angeweza kuwa mwanangu, alibonyeza, akapitisha kipimo cha picha, akavuta kiti karibu.

"Tutakata kipande kipimwe, lakini sitakuficha, nadhani ni saratani. Wanaume nao huipata. Nafikiri tumewahi. Ungeendelea na vidonge vyako mpaka Krismasi, nisingesema hivyo." Akaandika kidogo. "Nani aliyekushtua? Mkeo?"

"Aliyenipaka rangi mgongoni."

"Mshukuru sana. Ni nani yako?"

Nikaangua kilio. Kwa miaka sita hakuna mwingine aliyenigusa, na sikumuuliza hata jina.