Haragwe Nililolimeza

Nasema mapema: mimi ni mtu wa hasira, na mkwe wangu Nuria nilimkasirikia miaka saba kabla sijamwona. Mwanangu Yaqdhan alikwenda Uhispania kusoma, akaoa huko, akazaa huko. Mwisho wa mwaka 2003 akaniletea mkewe na binti yao Fajr, wa miaka sita, hapa nyumbani, mjini Sib. Akanambia, "Mama, tunajaribu tu. Fajr akishindwa kuzoea, mwezi wa pili tunarudi." Tangu siku hiyo nikawa nauchunguza uso wa mtoto yule kila asubuhi, na kila asubuhi uso unataka kwao.

Huko kwao, ikifika tarehe sita Januari, watoto huletewa zawadi na wafalme watatu wanaokuja na ngamia. Jioni ya kuamkia siku hiyo Fajr akapanga viatu vyake dirishani, na bakuli la maji kwa ajili ya ngamia.

"Bakuli?" nikamwambia. "Wee mtoto, ngamia humjui. Lete ndoo!"

Akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Ndoo nikaibeba mwenyewe.

Asubuhi viatu vilijaa peremende, na Nuria alikuwa ameoka mkate wa siku hiyo: wa mviringo, tundu katikati, matunda ya sukari juu, unanukia maji ya maua ya mchungwa. Nikamwalika dada yangu Kheiria, anayekaa mtaa wa Hamriya. Kosa langu. Kheiria akiona kasoro kwenye sahani yako, kabla ya adhuhuri Hamriya nzima inayo habari.

Tonge langu la kwanza, jino likagonga kitu. Nikakisukuma kwa ulimi: punje ya haragwe, kavu kama changarawe. Masikini Nuria, nikasema moyoni, hajachekecha unga. Kwetu, ukikuta kijiwe kwenye wali wa mwenyeji hukitoi mbele za watu. Unakimeza, unasema Alhamdulillahi. Nyumba husitiri mambo. Na Kheiria alikuwa ananitazama. Nikapiga funda la chai, nikalimeza haragwe.

Haikupita dakika, Kheiria akapiga ukelele. "Yalaa! Kuna kidude humu!" Akatoa mdomoni kisanamu cha mfalme, cha kauri.

Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini Fajr alikuwa anarukaruka, akamvika Kheiria taji la karatasi juu ya mtandio. "Wewe ndo mfalme! Haya, nani kapata haragwe? Mwenye haragwe ndo analeta mkate mwakani!"

Watu wakavunjavunja vipande vyao. Nuria akapapasa makombo, akainua hata sinia.

"Hakuna haragwe," Fajr akamwambia baba yake. "Basi mwakani hapa hakuna mkate. Turudi tu kwetu."

Yaqdhan akamshika bega.

Wazee walisema mficha uchi hazai. "Mie nnalo," nikasema.

"Liko wapi, Bibi?"

"Tumboni. Nimelimeza."

"Mtu mzima unameza haragwe bichi?" Kheiria akaniuliza, taji limemkaa upande.

"Nilidhani kakosea," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya wote. "Nilikuwa namsitiri mkwe wangu."

Yaqdhan akamfasiria mkewe. Nuria akacheka kwanza, kisha kicheko kikamwisha. Akaja, akapiga magoti, akanibusu mkono kama alivyomwona mumewe akifanya. Nami nikambusu kichwani. Nilikuwa nampenda, nami nilichelewa kulijua hilo.

Fajr alikuwa bado na shughuli yake. Akaweka sikio kwenye tumbo langu, akasikiliza.

"Basi mwakani mkate wako, Bibi. Huwezi kukataa. Na sisi lazima tuwepo tuule."

Nikamtazama mwanangu. Hakusema hapana.

"Nuria," nikasema, huku nakunja mikono ya kanzu, "twende jikoni. Nnataka unifundishe leo hii, mwaka mmoja hautonitosha."