Kisiwa cha Jubilei Yetu

Eveline alitutumia picha kumi na nne za bahari kwa Wasapu, kisha akaandika: "Mama na baba, chagueni wenyewe. Unguja, Pemba au Mafia. Siku tano, mengine yote niachieni mimi." Ilikuwa zawadi ya jubilei yetu, miaka ishirini na mitano ya ndoa. Eveline ndiye binti yetu mkubwa, muuguzi huko Morogoro, na aliona aibu wazazi wake wazeekee Ifakara bila hata kukanyaga maji ya chumvi. Mume wangu Maximilian akavaa miwani, akazikagua picha moja moja kama anavyokagua mchele mashineni kwake, akasema, "Unguja."

"Mafia," nikasema.

Sikuinua hata kichwa. Nilikuwa nashona sare za kwaya, na mguu wangu haukuacha kukanyaga cherehani. Baba Eveline ni mtu mpole. Mimi ndiye mwenye mdomo nyumbani, kila mtu mtaani anajua, na nilitegemea atasema haya basi, kama kawaida yake. Hakusema.

"Mafia kuna nini, mama Eveline? Minazi na papa. Unguja kuna watu, kuna pilau, kuna mahali pa kutembea."

"Pilau nakupikia hapa hapa."

"Basi twende Pemba."

"Sasa hivi ulitaka watu, sasa hivi unataka Pemba! Mafia imekukosea nini?"

Alivua miwani, akaenda kukaa nje. Siku tatu nzima tulikuwa hivyo. Nikitaja Mafia, yeye anakumbuka kuku hawajapewa maji.

Mimi sababu yangu niliijua. Nilitaka Mafia kwa kuwa mwanangu yuko kule.

Mwanangu wa pili aliitwa Yosefina. Alikuwa na miaka mitano siku ile tulipokuwa tunavuka kwenda shambani upande wa Lupiro, mwezi wa nne, maji yamejaa bonde zima. Sasa ni miaka kumi na minane. Mtumbwi uligonga kisiki ukapinduka. Nilikuwa na mimba ya mdogo wake, Fredy, ya miezi sita. Nilimshika Yosefina mkono, kisha nikauachia. Watu wananifariji kwamba maji yalimnyang'anya kwangu. Mimi najua niliachia.

Wavuvi walimtafuta siku tatu. Siku ya nne wazee wa ukoo wa mume wangu wakasema msiba hauwezi kukaa bila maziko. Walikata mgomba wa kimo chake, wakauvika gauni, wakaulaza kwenye sanduku dogo, katekista akasali, tukazika. Ndivyo wanavyofanya kwao mto ukikataa kumtoa mtu. Halafu wakatuonya: tumeshamzika, basi. Mtu akizikwa mara mbili ardhi inahesabu watu wawili, na huyo wa pili itakuja kumchukua nyumbani. Mama mkwe aliyasikia maneno hayo huku anatazama tumbo langu.

Sasa nitasema jambo nililowahi kumwambia padri peke yake, naye akanishauri nipumzike. Yosefina hunijibu. Kila Jumamosi asubuhi nashuka mtoni, chini ya daraja kubwa, na beseni la nguo ili watu wasiulize. Namwita kwa sauti ndogo, naye anaitika kutoka majini. Mwanzoni alikuwa karibu. "Nipo kwenye matete, mama." Miaka ikapita, akawa mbali. "Huku kuna mawe, mama, maji yanapiga kelele." Halafu mwaka mmoja akasema, "Mama, maji ya huku ni chumvi."

Nilikwenda kwa mwalimu Fridolin, anayefundisha jiografia, nikamdanganya kwamba nataka kumsaidia mtoto wa jirani. Akanichorea kwenye karatasi. Kilombero unakutana na Luwegu, unakuwa Rufiji, Rufiji unaingia baharini. "Na hapa mbele ya mdomo wa mto," akasema, akaweka nukta, "ndipo ilipo Mafia." Mwanangu alipita kabla hawajajenga lile bwawa la umeme kwenye Rufiji. Nilishukuru kwa hilo, Mungu anisamehe.

Tangu Eveline alipotuma zile picha, Yosefina alianza kuja nyumbani. Nilikuwa nikiamka asubuhi nakuta nyayo za maji kwenye sementi, vidole vitano vidogo, zimetoka bafuni hadi kwenye cherehani yangu. Hapo zinakoma, zimeelekea kiti changu. Sikuzifuta. Nilizizunguka mpaka zikauke zenyewe. Niliogopa, sikatai, lakini furaha ilinizidi. Mwanangu alikuwa ananiambia nijiandae.

Jumapili Eveline akapiga simu. "Mama, kesho ndiyo mwisho wa kutoa jibu. Mmechagua?" Nikamwambia asubiri. Tulikuwa tumetoka kanisani, Maximilian amekaa sebuleni na shati lake la misa. Nikasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Baba Eveline, leo tuambiane. Nataka Mafia kwa sababu Yosefina yuko Mafia. Mto umemfikisha huko. Ananiita. Kama unaniona kichaa sema, lakini tiketi ni ya Mafia."

Yeye alikuwa anatazama chini. Nikatazama na mimi, na zile nyayo zilikuwepo, mbichi, mchana kweupe, zimepita kati yetu. Maximilian akainua miguu yake taratibu, mmoja mmoja, akaiweka juu ya stuli. Ndipo nikajua kwamba na yeye huziona.

"Hayuko baharini," akasema.

"Unasemaje?"

"Yosefina hayuko baharini. Nilimpata, mama Eveline. Nilimpata siku ya tano."

Masikio yangu yalianza kuvuma kama mashine ya kukoboa. Akaendelea kusema, macho yake bado chini. Siku moja baada ya kuzika mgomba, mvuvi mmoja, mzee Melkiori, alimtumia ujumbe aende kambini kwake bondeni. Kambi ile ilikuwa kwenye kichuguu kikubwa cha ardhi ambacho masika yakija kinazungukwa na maji pande zote, kinakuwa kisiwa. Melkiori alikuwa amemwona mtoto amenasa kwenye matete. Mamba walikuwa wameshamfikia. Maximilian alimtambua kwa shanga za kiunoni.

"Ningemleta nyumbani vipi?" akasema. "Tulikuwa tumeshazika. Wazee wameshasema maneno yao, na wewe una tumbo. Ningemzika mara ya pili pale makaburini, ningekuwa nimemwua Fredy kwa mkono wangu. Nikamzika kule kule kambini, mimi na Melkiori, bila sala, ili yasiwe maziko. Nikasema Fredy akizaliwa salama nitakwambia. Akazaliwa. Halafu akaugua degedege, nikasema akipona nitakwambia. Kila alipopata homa nilifunga mdomo upya. Mwishowe nikawa siwezi tena."

Nilimpiga. Naandika bila kuficha. Nilimpiga na kitambaa cha sare za kwaya kilichokuwa kwenye cherehani, halafu na mikono mitupu, kifuani, mabegani, na hakujikinga. Miaka kumi na minane nimebeba beseni kwenda mtoni! Miaka kumi na minane nimemhurumia mtoto anayetembea peke yake kwenye giza la maji, na baba yake anajua alipolala! Nilipochoka nikakaa sakafuni, pale pale palipolowa, na swali likanijia nikiwa bado nahema.

"Kama amelala ardhini," nikasema, "ni nani ananijibu?"

Maximilian alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Sijui, mke wangu. Nilikufuata Jumamosi moja, nikakaa nyuma ya nguzo ya daraja, nikasikia. Sauti ni yake. Mtoto tulimzika mimi na Melkiori, na sauti ni yake. Ndiyo maana siwezi kukupeleka pale mto huu unapoingia baharini."

Jioni nikampigia Eveline. Nikamwambia tumeshachagua, siyo Unguja, siyo Pemba, siyo Mafia. "Sasa mnakwenda kisiwa gani, mama?" akauliza, anacheka. Nikamwambia hakimo kwenye picha zake.

Jumatano asubuhi tukamkodi Lukelo, mwanaume mzima mwenye wajukuu, anayejua njia zote za maji bondeni. Sikuwa nimeingia kwenye mtumbwi tangu siku ile. Nilikaa katikati, nikashika ubao pande zote mbili, na Maximilian akanishika mabega kwa nyuma. Lukelo alisukuma kwa upondo katikati ya matete. Hatukuwa tumekwenda mbali nikaisikia sauti, chini kidogo ya kiwiko changu, sauti ya mtoto aliyeamshwa usingizini.

"Mama, unakwenda wapi?"

Sikujibu. Ilikuwa mara ya kwanza kutomjibu, na maziwa yangu yaliyokauka zamani yaliuma kama ya mzazi. Nikamtazama Lukelo, alikuwa anapiga mluzi. Nikageuza shingo kumtazama Maximilian. Macho yake yalikuwa mbele, anatafuta kile kisiwa. Safari hii hakusikia. Alikuwa anawaza kaburi tu.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo, unaweza kukizunguka kabla chai haijapoa. Kambi haikuwepo tena, wavuvi waliondoka bonde lile miaka mingi iliyopita, na Melkiori alishakufa. Palikuwa na majani marefu, mavi ya viboko, na makopo mawili yaliyoliwa na kutu. Lukelo alibaki kwenye mtumbwi. Maximilian akashuka anakimbia, mtu wa miaka hamsini na sita, akiwa na msalaba wa mbao aliouchonga Jumatatu, maneno ya wazee kuhusu maziko ya pili ameyaacha nyuma.

"Palikuwa na mkuyu," akasema. "Nilimweka upande wa mawio wa mkuyu, hatua saba."

Hapakuwa na mkuyu. Hapakuwa hata na kisiki. Mafuriko kumi na minane yalikuwa yamepita pale, yakala upande mmoja wa kisiwa na kuongeza udongo upande mwingine. Alihesabu hatua saba kutoka mahali fulani, akasimama, akatikisa kichwa, akarudi, akahesabu tena kutoka kwingine. Akapiga magoti akachimba kwa mikono. Akahama, akachimba tena. Nilimwita asisikie. Matope yalimfika viwiko, na alikuwa analia kwa sauti, mume wangu ambaye hakulia mbele ya watu siku ya mgomba.

"Nimempoteza," akasema. "Nilikuficha wewe, nikadhani angalau mimi ninaye. Kandida, nimempoteza na mimi."

Hasira yangu yote niliyokuja nayo ilikuwa kifuani, na nilikuwa na haki nayo. Nilitaka aonje. Lakini nilipomwona pale chini, anapapasa matope kama anatafuta sindano iliyoanguka, nilikumbuka mkono wangu mwenyewe ndani ya maji, vidole vinafunguka. Nikaona sisi wawili tuna kosa moja.

Nikatembea polepole, nikasimama mahali pa kawaida kabisa, penye majani mafupi. Nikakanyaga kwa kisigino.

"Hapa," nikasema.

Akainua uso. "Una uhakika?"

"Namsikia, baba Eveline. Yuko hapa chini ya mguu wangu. Ametulia."

Alikuja kwa magoti, akaweka kiganja pale, akafumba macho, na mwili wake wote ukalegea kama gunia lililofunguliwa. Halafu akasimika msalaba, anaugonga kwa jiwe. Nyuma yetu, kwenye matete, upande ule tulioupa mgongo, sauti ilianza kuita. Iliita polepole, halafu kwa haraka, kama mtoto anayeona watu wanafunga mlango akiwa nje.

"Mama. Mama. Mimi nipo huku."

Jiwe la Maximilian likasimama hewani. "Umesikia kitu?" akauliza.

"Ni ndege," nikasema. Nikapiga magoti karibu yake, nikamshika mkono wenye matope, nikaanzisha sala ya marehemu kwa sauti kubwa kadiri koo langu lilivyoweza.